Inchi Moja ya Keringet

Jumatatu, 7 Julai 1958

Mashine imefika! Ilishushwa stesheni asubuhi na kuletwa karakanani kwa mkokoteni, watu sita wakisukuma, mimi nikielekeza. Bwana Ratilal, mwenye karakana, aliizunguka mara tatu kama mtu anayenunua ng'ombe wa maziwa. Si mpya. Ilitoka katika kiwanda kimoja kilichofungwa Nairobi. Lakini imepakwa rangi ya kijani na inang'aa.

Inakaa kando ya msumeno wa umeme. Ina gurudumu, ina kioo kidogo chenye namba, na ina bonge la chuma linalotembea juu ya reli. Unazungusha gurudumu mpaka namba unayotaka itokee. Bonge linajipeleka mahali pake. Unasukuma ubao uguse bonge, unakata. Hakuna penseli. Hakuna kuinama. Hakuna Kimaiyo.

Nieleze. Micah Kimaiyo ndiye mpimaji wetu, miaka kumi na tisa sasa. Anapima ubao, anaupima tena, anautazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa, ndipo anakata. Mimi, Nicodemus Khisa, nimefika darasa la sita na ninasoma Kiingereza, na nimekuwa chini yake miaka minne. Sina chuki naye. Saa sita hunigawia viazi vyake. Lakini mtu hawezi kukaa chini ya viazi maisha yake yote.

Kazi iliyopo ni kubwa. Kanisa jipya la Keringet linataka fremu za madirisha kumi na mawili na milango miwili. Waumini wenyewe waliangusha mierezi yao, wakapasua mbao kwa mkono, miaka miwili. Mama Jeruto, kiongozi wa akina mama wa huko, alikuja na mbao hizo juu ya lori na kuzigusa moja moja kabla ya kutuachia. Alisema hakuna nyingine. Kanisa linafunguliwa Jumapili ya tarehe ishirini.

Bwana Ratilal ametangaza shindano siku ya Alhamisi. Mashine na mimi upande huu, Kimaiyo na futi yake upande ule. Atakayeshinda atasimamia ukataji wa Keringet. Namshukuru Mungu kwa kunileta duniani wakati wa mashine.

Jumanne, 8 Julai

Nimesoma kitabu cha mashine. Kina kurasa arobaini. Nimesoma sita, zile zenye picha.

Jambo la ajabu: mashine haijui inchi mpaka ifundishwe. Unachukua futi nzuri, unapima kutoka meno ya msumeno hadi kwenye bonge, tuseme inchi arobaini na nane. Kisha unageuza namba kwenye kioo zisome 48, unakaza skrubu. Basi. Tangu hapo inajua inchi zote, kubwa na ndogo. Kitabu kinasema upime tena kila asubuhi. Nadhani hiyo ni kwa ajili ya watu wa Ulaya, ambao hawana kumbukumbu.

Nimeifundisha kwa futi yangu ya kukunja, ile ya mbao yenye ncha za shaba. Nikakata ubao mmoja wa majaribio. Sawasawa kabisa! Kimaiyo alikuja, akaupima, akasema ni mzuri. Akaupima tena. Akasema bado ni mzuri. Huyo ndiye Kimaiyo.

Jioni nilimweleza mke wangu, Nasimiyu, kwamba mashine ina akili lakini inahitaji mwalimu. Akauliza mwalimu ni nani. Nikamwambia. Akaniongezea mboga. Namshukuru Mungu kwa mke anayenihurumia hata pale pasipo haja.

Jumatano, 9 Julai

Wazo limekuja lenyewe. Sikuliita.

Mashine ni ya haraka, lakini je, Bwana Ratilal akisema haraka si kitu, bora ni usahihi? Kimaiyo hakosei. Hilo ni tatizo. Mtu asiyekosea anahitaji kusaidiwa.

Wakati wa chai wote walitoka nje kuota jua, maana Julai ya Nakuru si mchezo. Futi ya Kimaiyo ilikuwa juu ya meza ya kazi. Naijua: ameichoma alama ya K kwa msumari wa moto. Nikang'oa ile ncha ya shaba kwa koleo. Nikakata inchi moja ya kwanza kwa msumeno mwembamba. Nikarudisha shaba, nikaipaka masizi kidogo ionekane ya zamani. Dakika nne. Mikono haikutetemeka, nasikia fahari kidogo kuandika hivyo.

Sasa kila atakachopima kuanzia mwanzo wa futi kitakuwa kifupi kwa inchi nzima, na hatajua.

Baadaye alinigawia viazi. Nilikula viwili tu. Dhamiri ilinibana kuhusu cha tatu.

Alhamisi, 10 Julai

Shindano! Mbao sita kila mmoja, za inchi thelathini na sita. Nilizungusha gurudumu kwa mbwembwe. Nilimaliza kabla Kimaiyo hajafika ubao wa tatu.

Kisha Bwana Ratilal akatoa futi yake ya chuma, anayoifungia ofisini, akapima za wote. Zangu: thelathini na sita. Za Kimaiyo: thelathini na sita. Zote sita!

Nikamuuliza Kimaiyo, kwa upole, kama futi yake haina shida yoyote. Akanieleza kwamba yeye hapimi kamwe kutoka mwanzo wa futi, kwa kuwa mwanzo huliwa na miaka. Huweka namba kumi kwenye ukingo wa ubao, akahesabu kutoka hapo. Alinieleza polepole, akanionyesha mara mbili, akaniomba nami nifanye hivyo. Aha! Ndiyo maana hila yangu haikumshika. Mzee mjanja bila kujua.

Haidhuru, nimeshinda kwa mwendo. Bwana Ratilal amegawa kazi: mimi na mashine tunakata mbao za kusimama, Kimaiyo kwa mkono anakata za kulala. Usimamizi ni wangu. Kimaiyo alikuwa wa kwanza kunipa mkono. Alisema amefurahi, kwamba mgongo wake ulikuwa umechoka. Nilitaka kumwambia jambo, nikaenda kufuta mashine. Namshukuru Mungu kwa washindani wa namna hii. Wangu angeweza kuwa mtu mbaya.

Ijumaa, 11 Julai

Mkosi mdogo. Bwana Ratilal alileta rafiki zake wawili kutazama mashine. Nikazungusha gurudumu kwa nguvu, kama dereva wa garimoshi. Skrubu ikafyatuka. Namba zikazunguka zenyewe mpaka 91 na kukaa hapo.

Wageni walipiga makofi. Walidhani ndivyo inavyotakiwa.

Walipoondoka nikaifundisha upya. Futi yangu kutoka kwenye meno hadi bonge, 48, skrubu, kwisha. Mambo ya dakika mbili. Nimekuwa mwalimu hodari.

Jumatano, 16 Julai

Siku tatu za kukata. Mbao za kusimama zote ishirini na nane zimekwisha: za madirisha inchi arobaini na nane, za milango themanini na nne. Zinafanana kama watoto mapacha. Harufu ya mwerezi imejaa karakana nzima, na Nasimiyu anasema hata kofia yangu inanukia kanisa.

Kimaiyo aliomba azipime chache tu. Nilimkatalia kwa heshima. Nilimwambia kwamba ukimpima aliyepima, unamvunja moyo. Akasema mashine haina moyo. Nikasema mimi ninao. Akacheka, akarudi kwenye mbao zake za kulala.

Alhamisi, 17 Julai

Safari ya Keringet, mimi na Kimaiyo, mbao zikiwa zimefungwa mafungu, tuziunganishe hukohuko kwa sababu ya ubovu wa barabara. Baada ya Molo, matope. Tulisukuma lori mara tano. Mara ya nne niliacha kiatu kimoja ndani ya ardhi na Kimaiyo akakichimbua kwa mikono.

Tulipokelewa na Mchungaji Kiplangat kwa uji moto. Kanisa ni la mawe, kuta nene, mabati mapya juu. Baridi kali. Upepo unapita kwenye matundu ya madirisha kama mtu mwenye nyumba. Mama Jeruto alitupa mablanketi mawili kila mmoja, na yeye mwenyewe, nilikuja kujua, alibaki na moja. Namshukuru sana. Nililala kama gogo.

Ijumaa, 18 Julai

Nitaandika kwa kifupi.

Asubuhi tuliunganisha fremu ya kwanza. Nzuri! Pembe sawa, viungo vimekaza. Waumini kama thelathini walikuja kutazama. Tukainua, tukaiingiza ukutani. Ikaingia vizuri upande wa kushoto, vizuri upande wa kulia. Juu ukabaki mwanya. Mrefu, ulionyooka, wa inchi moja. Upepo ukapiga mluzi ndani yake.

Tukajaribu dirisha la pili. Mluzi. La tatu. Mluzi.

Kimaiyo alipima tundu la ukuta. Arobaini na nane na nafasi ya kupumua, kama alivyolipima mwenyewe mwezi wa tano. Akapima mbao zangu. Arobaini na saba. Akazipima tena. Mbao za milango, themanini na tatu. Zote ishirini na nane.

Mbao zao za miaka miwili. Hakuna nyingine. Siku mbili kabla ya kufungua.

Mbele ya watu wote nilisikia mdomo wangu ukisema kwamba huo ni mtindo mpya, kwamba mashine huacha nafasi kwa ajili ya hewa. Mama Jeruto alinitazama bila hasira.

"Mwanangu," alisema, "hewa ya Keringet haijawahi kukosa njia."

Nilitoka nje nikakaa nyuma ya ukuta. Kimaiyo alinifuata akiwa na futi mbili mkononi, yake na yangu. Zinafanana: duka moja, mwaka mmoja. Akazikunjua juu ya jiwe, sambamba. Yake inaanza na namba 1. Yangu inaanza na namba 2.

Zote mbili zina alama ya K. K ya Kimaiyo. K ya Khisa. Niliichoma mimi mwenyewe, kwa msumari wake, mwaka nilioajiriwa.

Alivuta ile ncha ya shaba kwa ukucha. Akaona mkato mpya na masizi. Kisha akaniuliza kama nilikusudia kukata yake. Nikamwambia ndiyo. Nilitamani ardhi ya Keringet, iliyokipenda sana kiatu changu, inichukue mzima.

Alikaa juu ya jiwe. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Khisa," alisema, "miaka minne nakufundisha kupima mara mbili. Hata ukitaka kuharibu kitu, si ungeangalia mara mbili?"

Akaitia futi yangu katika mfuko wake wa ndani. Akarudi kanisani. Nilimsikia akiwaambia watu, kwa sauti ya kawaida tu:

"Ni kosa letu sisi wa karakana. Fremu ni fupi kwa inchi moja. Tutazipandisha kwa kuweka ubao wa inchi moja chini ya kila moja. Tukipata mbao kumi na nne tutamaliza kabla ya Jumapili."

Alisema letu. Nimeandika neno hilo tena hapa ili nilione. Letu.

Jumamosi, 19 Julai

Mbao zilianza kufika alfajiri. Watu walizitoa majumbani mwao. Mmoja alileta ubao wa kitanda na kusema atalala kwa kujikunja. Mwingine kifuniko cha sanduku. Mwalimu wa shule ya Jumapili alileta benchi lake zima, tukalipasua. Mama Jeruto alileta rafu ya vibuyu vya maziwa, aliyochongewa na marehemu mumewe. Nilimwambia hiyo abaki nayo. Akasema mumewe aliukata mti wa kwanza wa kanisa hili na hakuuona wa mwisho, basi angalau rafu yake iingie. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Unene ulikuwa tofauti, kila ubao na wake. Nilipiga randa siku nzima mpaka zote zikawa inchi moja. Nina malengelenge saba. Kimaiyo hakutumia futi hata kidogo. Alichukua ufito mwembamba, akaupima kwenye tundu la ukuta, akautia alama kwa kisu, akakata ubao kwa alama hiyo. Tundu kwa tundu, kwa sababu kuta za mawe zilizojengwa na waumini hazilingani, hili limezidi kidogo, lile limepungua kama unene wa ukucha. Niliona hilo kwa macho yangu. Mashine ingezikata zote sawa, na zote zingekosea.

Aliniambia niinamishe kila ubao kidogo kwa nje, mvua isiingie. Niliinamisha. Alipitisha kiganja juu ya kazi yangu na kusema ni nzuri. Hakurudia kupitisha. Sijawahi kusifiwa namna hiyo.

Fremu ya mwisho iliingia jua likielekea kuzama. Mluzi ukakoma. Kanisa lilinyamaza hata tukasikiana tukipumua, na Mchungaji Kiplangat akavua kofia yake.

Jumapili, 20 Julai

Kanisa limefunguliwa. Watu walijaa mpaka nje, wengine wametoka mbali kwa miguu tangu usiku. Katikati ya mahubiri mvua ikaja, ile ya upande, ya milimani. Ilipiga madirisha, ikagonga zile mbao za chini, ikateremka nje yote. Ndani hata tone. Nilimwona mzee mmoja akiweka kidole juu ya ubao uliokuwa wa kitanda chake, akakitazama kidole, kikavu, akamwonyesha mkewe.

Mchungaji aliwashukuru mafundi. Alisema fremu zimeletwa na karakana lakini zimesimama juu ya nyumba za watu, na hivyo ndivyo kanisa lilivyo. Alimtaja Kimaiyo kwa jina. Kimaiyo akasimama, akanivuta mkono nami nisimame. Watu wakaimba. Sikuweza kuimba, nikawa nafungua mdomo tu.

Nilitaka kukiri mbele yao. Nilianza kabisa kusema. Kimaiyo akanikanyaga mguu na kunong'ona kwamba watu wamekuja kumwabudu Mungu, si kunisikiliza mimi.

Tulipoondoka Mama Jeruto alinipa kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, kwa ajili ya Nasimiyu. Alisema nina mikono mizuri ya randa. Namshukuru. Namshukuru Mchungaji. Nawashukuru wenye kitanda na sanduku na benchi. Zaidi ya wote namshukuru Micah Kimaiyo, na nitamshukuru mpaka kaburini.

Jumanne, 22 Julai

Bwana Ratilal amepata habari za Keringet, lakini nzuri tu. Mchungaji amemwandikia kwamba mbao za chini ya fremu ni kitu cha maana sana katika nchi ya mvua, na kanisa la jirani linataka zilezile. Bwana Ratilal aliuliza wazo lilikuwa la nani. Kimaiyo akasema la karakana. Basi akapandishwa papo hapo kuwa msimamizi wa karakana nzima, meza yake kando ya dirisha, mahali penye jua.

Na jambo la kwanza aliloomba? Kwamba mimi nibaki kwenye mashine. Alisema inafaa kwa kazi nyingi zinazofanana, na kwamba sasa nitaipima kila asubuhi bila kuambiwa. Nilimshika mkono, nikashindwa kuuachia.

Jioni nimemsimulia Nasimiyu yote, hata yale mabaya. Alisikiliza huku akinywa mursik. Kisha akauliza ni nini nimejifunza.

Nimelifikiria swali hilo kwa dhati. Nimejifunza kwamba Kimaiyo ni mtu mwema kupita kiasi. Na kwamba shukrani ya maneno matupu haitoshi, lazima mtu atende. Sasa, Kimaiyo ana miaka hamsini na saba. Alisema mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba mgongo umechoka. Usimamizi ni mzigo. Kila mtu atakuwa akimuuliza hiki na kile kutwa. Je, hiyo ndiyo zawadi ya mtu kama yeye? Kwao Ravine ana shamba, ana ng'ombe, ana wajukuu wasiomwona.

Kwa hiyo kesho asubuhi nitaingia ofisini kwa Bwana Ratilal, nimdokezee, kwa siri na kwa upole, kwamba macho ya mzee yameanza kupungua nguvu na angependa kupumzika ila anaona haya kusema. Kimaiyo hatajua kamwe nani alimfanyia wema huo.

Ile meza ya dirishani nimeipitia leo jioni wakati wa kufunga. Nimekaa kidogo. Jua la saa kumi linafika mpaka magotini.